Huyu wa Lori Nani Alimlamba?

Wazee wangu wa Moroto, hapa Karamoja nchini Uganda, maafisa wa mifugo, na nyinyi vijana mliosimama juani kule nyuma, nashukuru. Tumbo la kwanza la mbuzi mmelipasua mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo sitalichora ubaoni. Nataka tuwazungumzie wakazi wake.

Mbuzi hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi za majani ya miti. Hana! Wanaoivunja ni bakteria, kuvu na protozoa. Mililita moja tu ya maji ya tumbo lile hubeba bakteria wapatao bilioni 10. Jani wanalila wao. Mbuzi anaishi kwa asidi wanazotoa, kisha wakiteremka chini huwameng'enya wao wenyewe.

Habari ya lusina, mti wa malisho, wengine mmeshanisikia nikiisimulia. Mtaisikia tena. Mti huu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Australia waliupanda kwa ajili ya ng'ombe, ng'ombe wakanyonyoka manyoya, tezi ya shingo ikavimba. Kumbe Hawaii mbuzi wanaula na hawadhuriki. Jani lile lile! Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, akatafuta jibu tumboni mwa mbuzi wale. Yeye na mwenzake wakachukua vijidudu vyao, wakawatilia wanyama wa Australia, na mwaka 1986 wakachapisha matokeo: waliotiliwa sasa waliivunja sumu. Bakteria mwenyewe akapewa jina mwaka 1992, Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones.

Namwona daktari pale mbele anatikisa kichwa: sumu ya lusina ni mimosini, si tanini kama ya migunga yetu. Kweli kabisa. Tanini hukamata protini, huwabana hata bakteria. Ndiyo inayokukausha ulimi ukitafuna jani. Lakini hata kwake wapo wanaostahimili. Huko huko Australia, mbuzi wa porini wanaokula migunga walikutwa na bakteria aina ya streptokoka wanaoota penye tanini nyingi. Na tanini ya kiasi ina faida, hulinda protini isimalizwe na vijidudu, ikaachiwa mbele kwenye tumbo lenye asidi.

Kinachonikasirisha ni hiki. Mradi mmoja ulishusha hapa Karamoja kwa lori mbuzi waliolelewa kwa nyasi na pumba, siku hiyo hiyo wakafunguliwa kwenye migunga. Wakasusa, wakakonda, watu wakasema mbegu mbaya. Mbegu gani? Tumbo lilikuwa halijajiandaa!

Mbuzi mgeni achunge na wenyeji, anywe nao, alale nao. Vijidudu huhama kwa mate na cheu. Kaliandra, mti mwingine wa malisho wenye tanini, mwanzishie kiganja, ongeza polepole kwa wiki kadhaa, na nyasi asikose.

Mzee, wasema babu yako hakufanya hayo? Alifanya. Mtoto wa mbuzi wake alizaliwa kundini, akalambwa na mama aliyetoka kucheua migunga. Huyu wa lori nani alimlamba?

Twiga wa mbuga ya Kidepo nao wanacheua, nilitaka kuwagusia, ila jua limekwenda. Twendeni zizini, yuko mmoja wa lori amesusa tangu jana.