Mwanafunzi wa Cheti Analipiwa na Nani?

Mhadhara kwa wazazi na wahitimu wa kidato cha nne na cha sita, Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa fedha za elimu. Amenipandisha cheo bila barua. Mimi nilikuwa mhasibu wa chuo. Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya dirisha lenye nondo, napokea risiti, na kuwasikiliza watu wakinieleza kwa nini leo hawana risiti.

Siku moja alifika mama wa kutoka upande wa Hombolo. Karatasi ya benki ameifunga kwenye pindo la khanga, akaifungua taratibu kama anayefungua dawa. Shilingi 85,000, fungu la tatu la ada ya binti yake aliyekuwa anasoma cheti. Nikamwandikia, nikamgongea muhuri. Hakuondoka. Akaniuliza: "Baba, nina watoto watatu shuleni. Mdogo yuko sekondari, ada silipi. Mkubwa yuko chuo kikuu, anapata bumu, ile hela ya kujikimu. Huyu wa katikati ana kosa gani?"

Nyuma yake kulikuwa na foleni, nikamjibu kiserikali: "Mama, ndiyo utaratibu." Leo ninyi hamna foleni, na mimi nimestaafu. Nitajaribu kumjibu sawasawa.

Tuanze na huyo mdogo. Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, shule za serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne hazitozi ada, na kidato cha tano na sita waliingizwa mwaka wa masomo 2022/23. Ada ikiondoka, serikali inalipa fidia ya ada, na inapeleka pia ruzuku ambayo hesabu yake ni ya vichwa. Mtoto wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, yaani 6,000 zinakwenda shuleni na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Wa sekondari ni 25,000, nusu shuleni, nusu vitabu. Kwa hiyo shule ya kata pale kwenu inapokea 12,500 kwa kichwa. Zigawe kwa miezi kumi na miwili, unapata kama shilingi elfu moja na arobaini hivi kwa mwezi. Nendeni pale Majengo sokoni mkamwombe mama ntilie sahani ya wali maharage kwa hela hiyo, mje mnieleze amewajibu nini.

Hata hivyo nawaomba msiidharau hesabu ya vichwa. Udogo wake ni jambo moja, kuwepo kwake ni jambo jingine. Mwalimu mkuu akiwa na watoto 400 kwenye rejista anajua adai shilingi ngapi, na zikija pungufu anajua pungufu ni ipi. Ana namba ya kusimamia.

Sasa yule kaka mkubwa, wa bumu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Hapo hesabu inabadilika. Bodi inakupima. Inaangalia gharama ya kozi unayokwenda kusoma, halafu inaangalia nyumbani kwenu mnaweza kuchangia kiasi gani: yatima au la, mwenye ulemavu au la, kaya iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, au la, sekondari ulilipiwa na nani. Pengo linalobaki ndilo wanalojaribu kuliziba. Ndiyo maana vijana wawili wanaokaa chumba kimoja Ng'ong'ona, kozi ileile, mmoja anapata ada yote na mwenzake anapata asilimia 60. Kama ada ni 1,200,000, huyo wa pili ana 480,000 za kutafuta. Na mara nyingi, wazee wangu, tofauti yao ni karatasi: mmoja aliambatanisha cheti cha kifo cha baba kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, mwingine aliandika tu kwamba baba amefariki.

Malipo yenyewe yana njia mbili. Ada haipiti mkononi kwa mwanafunzi, inakwenda moja kwa moja chuoni. Chakula na malazi ndiyo bumu, na hiyo inahesabiwa kwa siku. Ilikuwa 8,500 kwa siku, mwaka wa masomo 2022/23 ikapandishwa kuwa 10,000. Inalipwa kwa mafungu ya takriban siku sitini sitini, kwa hiyo fungu kamili ni 600,000. Lakini haiji yenyewe. Chuo kinathibitisha kwamba huyu mtu yupo na amesajiliwa, Bodi inatuma, mwanafunzi anathibitisha mwenyewe kwenye mfumo ndipo hela inaingia akaunti. Kijana aliyekwenda kijijini kulima bila kuthibitisha, hela yake inarudi ilikotoka, halafu anakuja dirishani kwangu kugombana na mimi.

(Naona kuna mtu anacheka kule nyuma. Unanikumbuka, eh?)

Na tusisahau, ule ni mkopo. Miaka miwili baada ya kumaliza, muda wa matazamio unakwisha. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ile asilimia 6 iliyokuwa inanenepesha deni kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Hilo ni jema kabisa.

Haya, binti wa katikati.

Amemaliza kidato cha nne, ufaulu wake haukumpeleka kidato cha tano, au ulimpeleka akaona cheti kitampa kazi mapema. Anaingia chuo, NTA ngazi ya 4 (NTA ni mfumo wa taifa wa tuzo za ufundi), astashahada ya awali, mwaka mmoja. Akiendelea, ngazi ya 5, halafu ngazi ya 6, ambayo ndiyo stashahada. Akifika huko juu anaweza hata kuingia chuo kikuu. Hii ndiyo ngazi ya msingi ya elimu yote ya baada ya sekondari kwa mtoto wa mkulima, na ndiyo ngazi ambayo mwanafunzi wake hayumo kwenye hesabu ya mtu. Ruzuku ya vichwa imeishia sekondari. Mkopo wa Bodi unaanzia juu yake. Mwaka 2023/24 Bodi ilishuka daraja moja, ikaanza kukopesha wanafunzi wa stashahada kwenye fani chache kama afya, ualimu wa sayansi, uhandisi wa nishati na madini, kilimo na mifugo, usafirishaji. Zilitengwa shilingi bilioni 48 kwa wanafunzi 8,000. Nilifurahi. Lakini ilishuka hadi stashahada tu. Huyu wa cheti bado anaitazama ngazi kutoka chini.

Msije mkasema nimesema serikali haitoi kitu. Inatoa. Mwalimu wa chuo cha umma analipwa mshahara na Hazina, na chuo kinapata fungu la matumizi mengineyo, ile sisi wahasibu tunaiita OC. Sasa mhasibu akiandaa bajeti ya OC anafanyaje? Nitawaambia siri ya jikoni. Anachukua ya mwaka jana, anaongeza kidogo, anaomba Mungu. Ukidahili wanafunzi 300 badala ya 200, OC haijui. Inalipa watumishi, umeme, mafuta ya gari la mkuu. Wale mia moja walioongezeka watalipiwa na nani? Na mama wa Hombolo, kwa mafungu. Na kama chuo ni cha binafsi, hata hiyo OC hakuna.

VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wako tofauti kidogo, na tofauti yao inafundisha. Kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA ada yake imekaa miaka mingi kwenye 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Inawezekanaje? Kwa sababu kuna mtu mwingine anayelipa: mwajiri. Kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Ilikuwa asilimia 6 ya jumla ya mishahara, ikashuka ikashuka, tangu mwaka 2023 ni asilimia 3.5, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Chukua kiwanda cha kukamua zabibu chenye wafanyakazi kumi na wawili na mishahara ya jumla milioni sita kwa mwezi. SDL yake ni 210,000. Kwa miaka mingi mgawanyo umekuwa theluthi moja mafunzo ya ufundi stadi, theluthi mbili upande wa mikopo ya elimu ya juu. Theluthi moja hapo ni 70,000. Waajiri wamelalamika sana juu ya mgawanyo huo, wanasema tozo ina jina la ufundi lakini sehemu kubwa inasomesha shahada. Mimi niko upande wao, ingawa si desturi yangu kuwa upande wa waajiri.

Wenzetu wanafanyaje? Nitachukua nchi moja tu, New Zealand, kwa sababu ngazi hii ya awali wameiwekea fungu lake. Kule kuna tume ya serikali inayogharamia elimu ya baada ya sekondari, na mfumo wao wa sifa za elimu una ngazi kumi. Ngazi ya 1 na ya 2 ndizo za awali, za mtu aliyetoka sekondari bila kitu cha kushika. Chuo kinachochukua fedha za serikali kwa ngazi hizo hakiruhusiwi kumtoza mwanafunzi ada.

Kipimo chao ni "mwanafunzi kamili": mtu mmoja anayesoma mwaka mzima, krediti 120, ambazo ni saa 1,200 za kujifunza. Anayesoma somo la krediti 30 ni robo ya mwanafunzi. Wanne kama yeye wanafanya mmoja. Kila fani ina bei yake kwa mwanafunzi kamili, maana kufundisha uchomeleaji si sawa na kufundisha kusoma na kuandika. Idadi mara bei, hiyo ndiyo hela ya chuo. Inalipwa kila mwezi, tena kabla, si baada. Mara tatu kwa mwaka chuo kinapeleka orodha halisi ya waliosoma. Zikipungua, tume inadai fedha zake.

Na kuna kanuni moja niliyoipenda kihasibu. Mwanafunzi hahesabiwi siku anapojiandikisha. Anahesabiwa akivuka asilimia kumi ya muda wa kozi, au mwezi mmoja, chochote kinachotangulia. Kozi ya wiki 16 ina siku 112, kwa hiyo akiondoka siku ya tano, chuo hakilipwi. Nilipoisoma nilikumbuka rejista zetu. Wiki ya kwanza darasa limejaa, wengine wamekaa dirishani. Wiki ya nne ada ya fungu la kwanza imedaiwa, viti viko wazi. Lakini kwenye rejista wote wapo, hadi siku ya mtihani. Jina halili wali.

Usidhani kule ni peponi. Chuo kidogo kikidaiwa fedha kilichokwisha kuzitumia kwa mishahara, kinayumba. Na mfumo huo unakilipa chuo. Chakula cha mwanafunzi ni dirisha jingine kabisa, na mkopo au posho yake ina foleni yake.

Lakini sikilizeni jambo lililonikosesha usingizi. Krediti 120 na saa 1,200 si za kwao peke yao. Hapa Dodoma, NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, wana kipimo hichohicho: krediti moja ni saa kumi za kujifunza, na NTA ngazi ya 4 ni krediti 120. Wao wanatumia krediti kulipa. Sisi tunaitumia kuchapisha cheti. Kipimo tunacho, orodha za wanafunzi ziko kwenye mfumo, namba za malipo zinatoka kwa simu. Kinachokosekana ni mtu wa kuzidisha idadi kwa bei. Sisemi bei iwe kubwa. Sisemi hata ada ifutwe. Nasema mwanafunzi wa ngazi ya 4 awe na namba yake Hazina, hata ikiwa ndogo kama ile 12,500, maana namba ndogo unaweza kwenda bungeni kuiongeza. Pasipo namba unaongeza nini?

Mzee mmoja aliniambia nje hapo, kabla hatujaingia, kwamba kama ni hela basi tatizo ni kalenda pia. Nakubaliana naye. Chuo kinafungua Septemba au Oktoba. Mkulima wetu wa mtama na alizeti amevuna kati ya Aprili na Juni, na ikifika Oktoba ghala limebaki na mbegu. Mwenye zabibu ana afadhali, anavuna mara mbili. Hela ya serikali ikija kila mwezi, chuo kingeweza kumsubiri mzazi. Isipokuja, chuo hakina subira, kina mishahara ya vibarua.

Yule mama wa Hombolo alilipa mafungu matano. La mwisho lilikuwa 40,000. Binti alikwisha kufaulu, cheti kilikwisha kuchapishwa, nikakaa nacho kabatini mwezi mmoja na nusu, kwa sababu utaratibu unasema mwenye deni hapewi. Alipokuja kukichukua alikifunga palepale, kwenye pindo la khanga, kikawa kirefu kuliko pindo.

Naona mikono. Tuanze na mama aliyebeba mtoto, kisha kijana mwenye kofia. Na kijana, kama ni swali la bumu kuchelewa, mimi nimestaafu.