Saa za Katani

Asalamu aleikum, na ndugu zangu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga. Nimeitwa niwaeleze ninavyomtunza Katani, mbwa jike ambaye miguu yake ya nyuma haifanyi kazi, na huu ni mwaka wa nne nakaa naye. Jina ni la rangi yake: watu wa Tanga katani mnaijua ikishaanikwa inavyokuwa.

Nilimkuta mtaroni Barabara ya 12, bodaboda imemgonga ikaenda zake. Watoto walikuwa wameshaanza kuokota mawe. Nikavua kanga ya juu nikamfunika, nikamwinua, akaning'ata kiganja. Simlaumu, mnyama mwenye maumivu atajuaje mkono huu umekuja kumuua au kumsaidia? Lakini hapa nisikilizeni sana. Nilikosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 nikitazama saa, kisha nikaenda hospitali kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Ugonjwa ule dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Huruma isikusahaulishe sindano. Katani naye huchanjwa kila mwaka.

Daktari wa mifugo alimbana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Mguu ukajikunja. Nikaruka kwa furaha: "Daktari, anasikia!" Akaniambia, "Usitazame mguu, mama. Mtazame uso." Akabana tena, kwa nguvu zaidi. Mguu ukajikunja, na Katani anatazama mlangoni, hana habari. Akanieleza kwamba mguu huweza kujikunja wenyewe, kwa sababu taarifa ya maumivu inaishia kwenye uti wa mgongo na kurudi, kichwani haifiki. Kwa hiyo matumaini ya kutembea ni madogo sana. Akanipa njia mbili: kumlaza kwa sindano afe bila kuteseka, au niende naye nyumbani na kazi yake yote. Nasema wazi mbele yenu, anayechagua ile ya kwanza kwa kuwa nyumbani hana mtu wa kushinda na mnyama, mimi simwiti katili. Katili ni anayemchukua ili asifiwe, kisha akamwacha alale kwenye mkojo.

Maana kazi kubwa ni mkojo. Kibofu chake hakijimwagi chenyewe, lazima nikikamue mara nne kwa siku: saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Namsimamisha kati ya magoti yangu, mikono miwili tumboni mbele ya nyonga, napapasa mpaka nikute kitu kama chungwa kinachoteleza, nakibana polepole kuelekea mkiani. Wiki ya kwanza sikukipata hata kidogo, mpaka daktari akaweka mikono yake juu ya yangu. Na nyie mfundishwe hivyohivyo, kwa mikono, msijifunze kwa maneno yangu. Mkojo ukibaki ndani, vijidudu huzaliana na figo huumia. Harusi ya mtoto wa dada yangu niliondoka kabla pilau haijapakuliwa. Dada alinuna, baadaye akaelewa.

Waislamu wenzangu huniuliza habari ya najisi. Wengi wetu huku pwani tunafuata madhehebu ya Shafii: mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi naosha! Nina ndoo ya udongo safi kando ya bomba, dera la kazi hiyo peke yake, na chumba ninachoswalia Katani haingii. Yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, Mungu alimsamehe madhambi yake. Tulifundishwa madrasa tungali wadogo.

Sasa kigari cha kumbebea miguu ya nyuma. Mji wetu ni wa baiskeli, spea hazikosekani. Fundi baiskeli jirani yangu alitoa magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto na fremu ya bomba la plastiki, mkanda nikashona mimi, wa turubai, ukipita chini ya tumbo. Nilikosea. Hatua tatu tu akasimama, anahema, tumbo limebanwa. Nikafumua, nikakata upya mfano wa kaptula ya mtoto: matundu mawili ya mapaja, sponji kwenye kinena, mishono yote nikaitoa nje isimchune. Mgongo lazima ukae sawa. Nyuma ikipanda, mabega hubeba uzito wote.

Siku hiyo alisimama kimya, akageuka kuyatazama magurudumu. Kuku akapita. Katani huyo! Fundi akatupa spana akakimbilia katikati ya barabara kuzuia baiskeli za watu.

Kwenye kigari hakai kutwa. Nusu saa, namvua, napitisha kiganja mwili mzima kutafuta wekundu, kisha namlaza kwenye godoro la sponji lililofunikwa sandarusi na kanga kuukuu, namgeuza ubavu asipate vidonda.

Yuko nje chini ya mwembe na mwanangu. Mkitoka mnyoosheeni ngumi chini, anuse kwanza kabla hamjamshika. Mimi nitawahi kutoka, saa kumi na mbili inakaribia.