Hasira na hesabu ya nusu njia

Wazee wangu, mama zangu, na vijana wa Arusha, fungueni kalkuleta kwenye simu.

Mwaka 2013 Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake waliwapa Wamarekani takwimu za dawa ya kupaka vipele. Waliopaka: 223 nafuu, 75 wakazidiwa. Wasiopaka: 107 nafuu, 21 wakazidiwa. Dawa inafaa? Jicho linaikimbilia 223. Sasa gawanyeni: 223 kwa 298 ni karibu asilimia 75, 107 kwa 128 ni karibu 84. Wasiopaka wamepona zaidi.

Wengine wakapewa namba zilezile, ila sasa zinahusu miji iliyopiga marufuku raia kutembea na bastola iliyofichwa, na kama uhalifu ulipungua au uliongezeka. Hapo wajuzi wa hesabu ndio waliogawanyika zaidi kufuata mirengo yao ya kisiasa. Jibu la haraka likimpendeza mtu, aliishia hapo. Likimuudhi, ndipo aligawanya.

Kwa hiyo usomi peke yake hautukingi. Hisia ndiyo inayoamua tukague wapi na tuache wapi.

Chukueni ujumbe wa WhatsApp: diwani kala hela ya barabara. Akiwa wa chama usichokipenda, umeshausambaza hata hujaumaliza. Akiwa wa chama chako, unadai risiti, tarehe na jina la mwandishi. Maswali hayo ni mazuri sana! Linaloniuma ni kwamba tunamuuliza mmoja tu.

Kujiambia "nitatenda haki" hakutoshi. Mwaka 1984 Charles Lord, Mark Lepper na Elizabeth Preston waliwajaribu wanafunzi wenye misimamo mikali juu ya adhabu ya kifo. Walioagizwa wapime ushahidi kwa haki, kama hakimu, waliendelea kupendelea. Walioambiwa wajiulize kila hatua, "matokeo yangekuwa kinyume, ningeusifu utafiti huu?", upendeleo wao ulipungua.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kusambaza, badili jina la chama, usome ujumbe wote kwa sauti. Andika ushahidi gani ungekutosha, kisha ndipo utazame namba. Ukiona takwimu, tafuta namba zote nne, kama zile za dawa ya vipele. Mara nyingi tunatumiwa moja, ile kubwa. Na ufanye mapema, kwani ukishatuma utakuwa unatetea heshima yako mbele ya kundi, na hapo kugeuza ni kazi ngumu mno.

Karatasi za zoezi ziko mlangoni. Chukueni mbilimbili: diwani unayemkubali, na usiyemkubali.