Duka Moja, Mlango Mmoja

Ndugu wasikilizaji, walionisikia kwingine watanivumilia, kwa maana naanza tena na kisa kile kile cha Phone Story. Mwezi Septemba 2011, Mwitaliano Paolo Pedercini na kundi lake la Molleindustria walitoa mchezo wa simu unaosimulia maisha ya simu yenyewe. Hatua ya kwanza iko Kongo: mchezaji anashika nafasi ya askari wenye bunduki, na kazi yake ni kuwakemea watoto wanaochimba koltani, madini yanayotumika kutengenezea simu, ili wasipumzike. Hatua ya pili iko kiwandani nchini China, ambako anahangaika kuwadaka wafanyakazi wanaojirusha kutoka juu ya jengo. Ya mwisho inafika Pakistani, kwenye taka za vifaa vya umeme. Apple, kampuni inayotengeneza iPhone, iliupitisha mchezo huo kwenye duka lake la programu, kisha ikauondoa baada ya siku chache, na miongoni mwa sababu ilizotaja ni kwamba ulionyesha ukatili dhidi ya watoto.

Mtu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, aliyewaona watoto hao machimboni kwa macho yake angeshangaa kuambiwa kuwa kosa limo kwenye katuni.

Najua yupo atakayenyosha mkono aseme kuwa duka lina mwenyewe, na mwenye duka hupanga rafuni anachotaka. Ningelikubali hilo kama mtaa ungekuwa na duka la pili. Kwenye simu za Android, zinazotumia mfumo wa Google, mchezo ulibaki, lakini mwenye iPhone ya wakati ule, asipovunja kufuli za simu aliyoinunua kwa fedha yake, alikuwa na mlango mmoja tu. Hata Ulaya ilihitaji sheria, iliyoanza kuibana Apple Machi 2024, ndipo maduka mengine yakaruhusiwa. Mwingine atasema kuwa anayetaka habari za koltani asome vitabu. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu ni hoja ya Apple yenyewe: mwongozo wake wa mwaka 2010 ulieleza kuwa programu si sawa na vitabu wala nyimbo, na kwamba anayetaka kukosoa dini aandike kitabu. Lakini kitabu kinakusimulia tu habari za askari wale, ilhali mchezo unakufanya uwakemee watoto kwa kidole chako mwenyewe, na kwa simu ile ile inayozungumziwa. Ukiuondoa mchezo, umeiondoa hoja yenyewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nayapitia mbio. Oktoba 2019, wakati wa maandamano ya Hong Kong, Apple iliondoa HKmap.live, ramani iliyoonyesha polisi walipo. Septemba 2021, siku upigaji kura za bunge la Urusi ulipoanza, Apple na Google ziliondoa programu ya wafuasi wa Navalny, mpinzani wa Rais Putin, iliyowaelekeza wapiga kura. Kuhusu Uganda, ambako Januari 2021 maduka yenyewe ya programu yalizibwa kabla ya uchaguzi, nilikuja na kurasa tatu, nazo sasa nazirudisha mkobani.