Stempu ya Bima ya Bahari Inafuata Hatari, Haifuati Kichwa cha Karatasi

Hamjambo nyote. Nimefurahi kuwaona maajenti wa forodha, waagizaji wa Kirinyaga Road na wanafunzi wa sheria katika ukumbi mmoja, maana jambo hili la stempu kwenye hati za bima ya bahari, yaani alama kwamba ushuru wa serikali juu ya hati umelipwa, likiharibika huwaangukia wote watatu kwa siku moja.

Zamani, nikiwa karani katika ofisi moja ya mawakala wa bima hapa Nairobi, alikuja mzee mwenye duka la vipuri. Shehena yake ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Alifungua bahasha akatoa ankara, hati ya shehena na kikaratasi kilichotiwa saini kwamba mali imekatiwa bima. Ada ya bima alikuwa amelipa yote. Ila hati yenyewe ya bima haikuwa imeandikwa, na kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kupigwa stempu. Aliishia kubembeleza alipwe haki yake, akapewa kipande tu. Sijamsahau mzee yule.

Sheria yetu ya Bima ya Bahari, Sura ya 390, ya mwaka 1968, iliifuata kwa karibu ile ya Uingereza ya 1906. Huko Uingereza walisema wazi: mkataba wa bima ya bahari haupokelewi mahakamani mpaka uwe umeandikwa katika hati ya bima. Kile kikaratasi cha awali kilionyesha tu ni lini makubaliano yalifungwa. Wenye bima wa London walikuwa wakilipa madai ya vikaratasi kama hivyo kwa heshima yao tu, kwa kuwa kumshtaki asiyetaka kulipa hakukuwezekana. Nayo Sheria yetu ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 480, inakataa waraka uliopaswa kulipiwa ushuru usitumike kama ushahidi katika kesi ya madai kabla haujalipiwa.

Sasa, ushuru hauwezi kukadiriwa kabla ya kujua hati ni ya aina gani. Ili tuone jinsi aina zinavyopangwa, nitatumia sheria mbili za ushuru wa stempu zilizoeleza jambo hili kwa kina: ya Uingereza ya 1891 na ya India ya 1899. Msizichukue kuwa ndizo viwango vya hapa Kenya. Nazichukua kwa sababu namna zinavyofikiri inamfaa yeyote anayeshika hati ya bima mkononi.

Kwanza, je, hii ni bima ya bahari kweli? Wengi hudhani bahari inaishia bandarini Kilindini, Mombasa. Kontena likipanda treni kuja Embakasi, hapa Nairobi, wanasema sasa hii ni bima ya nchi kavu. Sheria ya India inakataa. Ikiwa hati moja inalinda mali tangu inapoanza safari hadi mwisho wake, na ndani ya safari hiyo imo hatari ya bahari pamoja na hatari nyingine za njiani, hati yote ni ya bahari. Zile kilomita zaidi ya mia nne za kutoka Mombasa hadi hapa zinabebwa na jina hilohilo. Lakini ukikata bima mpya ya lori peke yake, kutoka Embakasi hadi Kampala, hapo hakuna bahari ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo naomba mlisikilize kwa makini. Wapo wanaokusanya mizigo ya watu wengi Guangzhou au Dubai na kuileta katika kontena moja. Mteja akiogopa, anaambiwa, "Ongeza kidogo kwenye nauli, ikipotea nitakulipa." Huenda mnadhani hiyo ni ahadi ya kibiashara tu. Kwa sheria ya India, mtu anayepokea nauli ya ziada ili abebe hatari ya mali iliyo chomboni amefanya mkataba wa bima ya bahari, hata kama neno bima halikutamkwa kamwe. Na hapa kwetu, kufanya biashara ya bima bila leseni ni kosa. Maajenti, ahadi ya aina hiyo iacheni kabisa. Mpelekeni mteja kwa kampuni yenye leseni.

Baada ya hapo tunauliza: hatari imepimwa kwa safari au kwa muda? Hati ya safari hutaja mahali na mahali, tuseme kutoka Mumbai hadi Mombasa. Hati ya muda hutaja tarehe na tarehe, na kwa kawaida ndiyo ya mwenye meli. Kwa hati ya muda sheria zote mbili zilitenganisha isiyozidi miezi 6 na ile inayozidi hapo hadi miezi 12. Kupita miezi 12 kulikatazwa. Uingereza ililegeza kidogo mwaka 1901, ili meli iliyo katikati ya bahari muda unapokwisha isibaki bila ulinzi. Kwa hati ya safari, India iliangalia pia ada: ikiwa haizidi moja ya nane ya asilimia moja ya kiasi kilichowekewa bima, hati inaingia daraja la ushuru mwepesi. Kwa bima ya rupia 8,000,000, mpaka huo ni ada ya rupia 10,000.

Zipo pia hati zenye vyote viwili, safari na muda, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kwa sheria hizo mbili, hati ya safari inayoendelea kulinda zaidi ya siku 30 baada ya meli kufika na kutia nanga hutozwa mara mbili: kama ya safari, na tena kama ya muda. Hesabu hiyo inaanza meli inapotia nanga. Msiichanganye na zile siku 60 mnazozisoma kwenye masharti ya kawaida ya bima ya mizigo, ambazo huhesabiwa tangu mali ishushwe melini. Ni hesabu mbili tofauti, na kila moja ina kazi yake.

Naam, naona mkono pale nyuma. Dada anauliza kuhusu mali inayopanda chombo Kisumu kuvuka Ziwa Victoria hadi Port Bell. Swali zuri sana. Ziwa si bahari, lakini sheria ya India, inapoeleza bima ya bahari, inataja chombo cha baharini na cha maji ya bara pia. Kwa kipimo hicho, dada, hati yako ni ya bahari, na mstari wa kwanza wa kuutazama ni ule unaotaja bandari mbili.