Kondomu Haipasuki Bure

Ndugu zangu wahudumu wa afya, sitaanza na umuhimu wa kondomu. Hilo mnalijua na mmeshalifundisha mitaani. Nitaanza na lile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti, na nitaendelea kulisema kwa sababu bado halijasikika: mafuta na kondomu ya mpira havikai pamoja. Nasema mafuta yoyote yale, iwe Vaseline, mafuta ya nazi, losheni, samli, mafuta ya watoto au yale ya kukaangia samaki.

Tazameni hapa mezani. Kondomu mbili, zimetoka boksi moja, zina tarehe moja, na zote zimepulizwa hewa na kufungwa. Hii ya kushoto imepakwa kilainishi cha maji. Hii ya kulia naipaka sasa hivi mafuta ya nazi, kidole kimoja tu, mnaona. Tuziache hapo tuendelee.

Kondomu nyingi za kiume hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira. Mafuta hupenya ndani ya mpira huo, yakauvimbisha na kuulegeza. Maabara ilishapima: mafuta ya madini, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye mafuta mengi ya watoto, yalipunguza nguvu ya kondomu kwa takriban asilimia 90 ndani ya sekunde 60. Sekunde 60, jamani! Na ubaya wake hauonekani kwa macho. Rangi ni ileile, paketi ilikuwa nzima, tarehe haijapita. Ikipasuka, lawama zinakwenda kwa kondomu: eti za bure ni mbovu. Si mbovu. Ulizeni kwanza ilipakwa nini.

Kuna atakayesema, mbona kondomu yenyewe inateleza, si ina mafuta tayari? Hapana. Ule utelezi kwa kawaida ni silikoni, nayo haidhuru mpira.

Mwingine atasema, basi tuwakataze mafuta, yaishe. Hayataisha! Mtu hashiki kopo la mafuta kwa ukaidi, anashika kwa sababu kuna ukavu, na ukavu nao unachana kondomu kwa msuguano. Ukimkataza mafuta usimpe mbadala, umemwacha palepale. Mwambieni atafute kilainishi cha maji, asome viungo, maji yawe ya kwanza kwenye orodha. Tone moja au mawili ndani ya chuchu ya kondomu kabla ya kuvaa, yasizidi, maana yakizidi inachomoka. Kingine chote apake nje baada ya kuvaa, na kikianza kukauka aongeze. Asiye nacho, mate ni afadhali kuliko mafuta, ingawa hukauka upesi.

Halafu kuna mafuta ambayo hakuna anayeyahesabu. Mtu ametoka kuoga, amejipaka mwili mzima, kwa mikono hiyohiyo anachana paketi. Aoshe mikono kwa sabuni kwanza. Na kina mama wanaotibiwa fangasi: baadhi ya krimu na dawa za kuweka ukeni zina mafuta ndani yake. Mnapompa dawa, mwambieni. Tunamweleza mara ngapi kwa siku, tunamwachia siri ya kondomu.

(Mlio.) Hiyo ni ya kulia. Ya kushoto mnaiona bado ipo. Msicheke, ndugu zangu, andikeni.

Wale ambao kwa kweli hawawezi kuachana na mafuta, wapeni kondomu ya kike ya naitraili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani usiotokana na utomvu wa mti, maana hiyo haidhuriwi na mafuta. Pete ya ndani inabinywa iwe nyembamba, inasukumwa kwa kidole mpaka ipite mfupa wa kinena, pete ya nje inabaki nje. Mwanamke aushike uume auelekeze ndani ya kondomu, kwa sababu unaweza kupita pembeni bila mtu kujua. Kisha isivaliwe pamoja na ya kiume. Na ya kiume mbili pamoja pia hapana, zinasuguana.

Muda unakwisha, kwa hiyo haraka. Wanaosema mpira una vitundu vya kupitisha virusi: kila kondomu hupimwa kwa umeme kiwandani, na za sampuli hujazwa mililita 300 za maji kuona kama zinavuja. Wanaosema haiwatoshi: kipimo cha kimataifa kinaitaka ya ukubwa wa kawaida ibebe lita 18 za hewa kabla ya kupasuka. Hoja hiyo tuifunge leo.

Kuvaa: paketi ifunguliwe kwa vidole, si kwa meno. Chuchu ibanwe kutoa hewa, kondomu ikunjuliwe mpaka mwisho wa shina. Ukiianza kinyume ikakataa kukunjuka, usiigeuze, tupa, chukua nyingine, kwa sababu upande ule umeshagusa majimaji. Baada ya kumwaga, shika pindo na utoke uume ukiwa bado umesimama. Wengi huzembea hapo, na kondomu inabaki ndani.

Kuhifadhi: pasizidi nyuzi 30. Kwa hiyo si kwenye pochi inayokaliwa kutwa, wala mbele ya daladala juani.

Ikipasuka, asisubiri Jumatatu. Dawa za kinga dhidi ya VVU, PEP, zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinywewe siku hiyohiyo ikiwezekana.

Kuhusu kondomu za mdomo sikupata nafasi, niulizeni pembeni. Sasa mifano ya mbao iko kule nyuma, boksi liko hapa. Wawili wawili, mmoja avalishe, mwenzake amkosoe. Anzeni kwa kusoma tarehe, kwa sauti.