Kura Nne: Nani Anamshika Anayevunja Sheria za Fedha za Kampeni Marekani?

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko kwenye fedha za kampeni za Marekani, katika uchaguzi wa shirikisho: urais, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Tunataka kujua mtu akivunja sheria anashikwa na nani, kwa hatua zipi, na kwa nini kesi nyingi kubwa hufia njiani. Mimi ni Neema, niko na Athumani.

ATHUMANI: Asante, dada Neema. Salamu kwa wasikilizaji wote. Mimi ningeanza na mtu asiyetajwa sana, mweka hazina wa kamati ya kampeni. Kamati haipokei wala haitumii hata dola moja kama nafasi ya mweka hazina iko wazi. Yeye ndiye anayetia saini ripoti, na akifanya kosa kwa makusudi au kwa uzembe uliokithiri, anaweza kutozwa faini yeye mwenyewe.

NEEMA: Na mgombea akishindwa akarudi kwenye shughuli zake, barua zinaendelea kuja kwa mweka hazina.

ATHUMANI: Hasa. Sasa tazama anachochuja. Kwa mzunguko wa 2025 na 2026, mtu mmoja anaruhusiwa kumpa mgombea mmoja dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Mchujo unahesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake, kwa hiyo jumla yake ni 7,000. Fedha taslimu mwisho dola 100. Makampuni na vyama vya wafanyakazi hawaruhusiwi kumpa mgombea chochote kutoka kwenye hazina zao; kwa makampuni katazo hilo lipo tangu 1907. Na mchangiaji akishavuka dola 200, ripoti itaje jina lake, anwani, kazi anayofanya na mwajiri wake.

NEEMA: Tuchukue hundi moja tuone. Imefika hundi ya dola 5,000, mchujo bado miezi miwili. Inakuwaje?

ATHUMANI: Mweka hazina ana siku 10 za kuipeleka benki au kuirudisha. Akiipeleka, zile 1,500 zilizozidi zina siku 60 tangu hundi ilipopokelewa. Anaweza kuzihamishia uchaguzi mkuu na kumwarifu mchangiaji kwa maandishi kwamba amefanya hivyo, na kwamba akitaka anaweza kurudishiwa. Kama hundi imechapwa majina ya mume na mke, anaweza kuzihesabu kama mchango wa yule mwenzi mwingine, napo kwa kuwaarifu. Njia ya tatu ni kuzirudisha. Kama mchango wenyewe ni haramu tangu mwanzo, tuseme umetoka kwenye akaunti ya kampuni, muda ni mfupi zaidi: siku 30 tangu agundue.

NEEMA: Na hapo ndipo wengi hukwama, maana meneja wa kampeni ameshazilipia matangazo.

ATHUMANI: Ndiyo, na kanuni inasema wazi kwamba fedha yenye shaka isitumike, au ibaki benki akiba ya kutosha kuirudisha. Kampeni changa hazifanyi hivyo. Siku ya 55 mweka hazina anafungua akaunti, haina kitu.

NEEMA: Sasa tupande ngazi. Ripoti zinakwenda Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, FEC, iliyoanzishwa baada ya kashfa ya Watergate kwa marekebisho ya sheria ya 1974. Huko kuna wachambuzi ambao kazi yao ni kuzipitia ripoti. Wakikuta hesabu haijumlishiki, mchangiaji amepitisha kiwango, au safu ya mwajiri ni tupu kwa watu kadhaa, wanaiandikia kamati kuomba maelezo. Kamati ina siku 35 za kujibu. Barua hizo huwekwa hadharani kwenye tovuti ya Tume, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ningemshauri mwandishi wa habari aanzie hapo kabla ya kumpigia mtu simu.

ATHUMANI: Na kwa ripoti iliyochelewa, kuna utaratibu wa faini za kiutawala tangu mwaka 2000. Faini inapigwa kwa jedwali: fedha ziko kiasi gani ndani ya ripoti, imechelewa siku ngapi, na kamati ina makosa mangapi ya nyuma. Ripoti za karibu na siku ya kura hutozwa zaidi. Kamati ikipata notisi ina siku 40 za kulipa au kupinga.

NEEMA: Kupinga kwa hoja gani? Watu huandika mengi.

ATHUMANI: Huandika mengi, na karibu yote yametajwa ndani ya kanuni kama visingizio visivyokubalika. Mweka hazina alikuwa mgonjwa, haikubaliki. Alikuwa mgeni wa kazi, haikubaliki. Hatukujua tarehe, kompyuta yetu iliharibika, programu ilitushinda: yote hayakubaliki. Kinachokubalika ni jambo lililo nje ya uwezo wako, kama mitambo ya Tume yenyewe kuzimika au dhoruba kubwa, na hata hapo lazima uwe umewasilisha ripoti ndani ya saa 24 tangu kikwazo kiondoke.

NEEMA: Niongeze notisi ya saa 48, maana imewaangusha hata wakubwa. Siku za mwisho kabla ya kura, tangu siku ya 19 hadi saa 48 kabla ya uchaguzi, mchango wowote wa dola 1,000 au zaidi lazima utangazwe ndani ya saa 48. Kampeni ya Barack Obama ya 2008 haikuwasilisha notisi hizo kwa michango zaidi ya 1,300, yenye thamani ya karibu dola milioni 1.9. Ikalipa faini ya dola 375,000.

ATHUMANI: Na kampeni hiyo ilikuwa na mawakili na wahasibu wa kutosha kabisa.

NEEMA: Basi tuje kwenye malalamiko. Mwananchi ameona jambo. Afanye nini?

ATHUMANI: Aandike barua. Iwe na jina lake kamili na anwani, aisaini na kuiapia mbele ya mthibitishaji wa viapo. Barua isiyo na jina haipokelewi kama malalamiko. Aeleze nani alifanya nini, lini, na atenganishe anachokijua mwenyewe na alichokisoma gazetini. Kusoma gazetini si kosa, ila akitaje chanzo. Barua ikikamilika, Tume inampelekea mlalamikiwa ndani ya siku 5, naye anapewa siku 15 za kujibu. Jalada linapewa namba, na kuanzia hapo Tume haisemi lolote hadharani mpaka jalada lifungwe.

NEEMA: Halafu zinakuja kura. Tume ina viti 6 vya makamishna, na wasizidi 3 wa chama kimoja. Hatua yoyote ya maana inataka kura 4. Kuanza uchunguzi, kura 4. Kutamka kwamba kuna uwezekano mkubwa sheria imevunjwa, kura 4. Kukubali makubaliano ya faini, 4. Kwenda mahakamani, 4. Kwa hiyo makamishna wa chama kimoja hawawezi kumwandama mtu peke yao, na makamishna wa chama kimoja wakikaa pamoja wanaweza kuizuia kesi.

ATHUMANI: Congress ilikusudia hivyo. Mwaka 1974 hofu ilikuwa rais aliyeko madarakani asije akaugeuza usimamizi wa sheria kuwa fimbo ya kuwapiga wapinzani. Hofu hiyo ilikuwa na msingi na hadi leo ina msingi. Lakini gharama yake ni kubwa, na mimi naiona ni kubwa mno. Kura zikigawanyika 3 kwa 3, mawakili wa Tume hata wakiwa wamependekeza uchunguzi, hakuna hati ya kumwita shahidi wala ya kudai taarifa za benki. Jalada linafungwa mtu hajaulizwa swali hata moja kwa kiapo.

NEEMA: Mlalamikaji si anaweza kwenda mahakamani?

ATHUMANI: Anaweza. Malalamiko yakitupwa ana siku 60 za kufungua shauri katika mahakama ya wilaya ya shirikisho jijini Washington. Tume ikikaa kimya siku 120, pia anaweza. Jaji akiona Tume imekwenda kinyume cha sheria, anaipa siku 30 irekebishe. Isiporekebisha, mlalamikaji mwenyewe anaweza kumshitaki yule aliyemlalamikia. Tatizo ni kwamba makamishna waliokataa huandika sababu zao, na mahakama inazichukulia kama sababu za Tume nzima. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema kwamba sababu hizo zikiegemea hiari ya Tume ya kuchagua kesi za kufuatilia, jaji hana cha kupitia. Mlango ukawa mwembamba sana. Na wakati wote huo ukomo wa miaka 5 wa kudai faini unazidi kukaribia.

NEEMA: Tusiseme hakuna kinachopita, lakini. Mwaka 2019 Tume ilitoza jumla ya dola 940,000 katika kesi moja. Kampuni ya American Pacific International Capital, inayomilikiwa na raia wa China, ilikuwa imetoa dola milioni 1.3 kwa kamati ya Right to Rise USA iliyomuunga mkono Jeb Bush, aliyewania urais 2016. Kampuni ikalipa 550,000, kamati ikalipa 390,000. Kura zilipatikana, kwa sababu katazo la fedha za kigeni liko wazi na ushahidi ulikuwa kwenye maandishi.

ATHUMANI: Hapo tuwaseme ndugu zetu walioko Marekani, maana jambo hili linawagusa moja kwa moja. Mtu asiye raia na asiye na kadi ya kijani haruhusiwi kuchangia hata dola 5. Aliye kwa viza ya masomo au ya kazi, haruhusiwi. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Asiye nayo anaweza kujitolea bila malipo, kupiga simu, kugawa vipeperushi, lakini asitoe fedha wala asimpe mtu mwingine fedha ampelekee.

NEEMA: Na sisi tumezoea harambee. Watu 10 wanachanga dola 300 kila mmoja, wanamkabidhi mzee wa jumuiya, naye anaingia mtandaoni na kulipa 3,000 kwa kadi yake. Nyumbani huo ni uungwana mtupu. Kwa sheria ya Marekani ni kuchangia kwa jina la mtu mwingine.

ATHUMANI: Bila kujali kwamba kila mmoja wao, kama ni raia, angeweza kutoa zile 300 kihalali kwa jina lake! Dawa yake ni rahisi: kila mtu alipe mwenyewe, kwa kadi yake, kwa jina lake. Na mwenye biashara asiwaambie wafanyakazi wachangie halafu awarudishie kwenye mshahara. Hilo ndilo kosa ambalo waendesha mashitaka wa Wizara ya Sheria hulifuatilia kwa bidii, kwa kuwa linathibitishika: hundi imetoka leo, fidia imeingia kesho, na wafanyakazi wanahojiwa mmoja mmoja.

NEEMA: Na Wizara ya Sheria haihitaji kura 4 za mtu.

ATHUMANI: Haihitaji. Inachotakiwa kuthibitisha ni kwamba mtu alijua anavunja sheria na akaendelea kwa makusudi. Makosa yakifika dola 25,000 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, kifungo kinaweza kufika miaka 5. Kwa kuchangia kwa majina ya wengine kizingiti ni kidogo zaidi: ukipita dola 10,000, inaweza kuwa miaka 2. Dinesh D'Souza, mwandishi wa siasa, alikiri kosa mwaka 2014 baada ya kupitisha dola 20,000 kwa majina ya watu wengine kwenda kwa mgombea wa Seneti jimboni New York. Alipata miaka 5 ya uangalizi, ikiwamo miezi 8 katika kituo maalumu, na faini ya dola 30,000. Mwaka 2018 akasamehewa na rais.

NEEMA: George Santos, mbunge wa zamani kutoka New York, naye alianza kuonekana kwenye ripoti. Gharama nyingi zilikuwa zimeandikwa dola 199.99, wakati sharti la kutunza risiti linaanza zaidi ya dola 200. Tena kulikuwa na mkopo wa dola 500,000 ulioandikwa kwamba ametoa mfukoni mwake, na kwa mujibu wa mashitaka akaunti zake hazikuwa hata na dola 8,000. Alikiri makosa Agosti 2024, akahukumiwa miezi 87 Aprili 2025, na mnamo Oktoba rais akampunguzia adhabu akatoka.

ATHUMANI: Mwongo wa aina hiyo alinaswa kwa sababu fomu ilimlazimisha aandike kitu. Ndiyo maana ninapigania ripoti zenyewe kuliko hata ukubwa wa faini.

NEEMA: Tumalizie na akidi. Wakibaki makamishna chini ya 4, Tume haiwezi kupiga kura hizo kabisa. Ilitokea 2008, ikatokea tena tangu Septemba 2019, na tena Mei 2025. Akidi ikikosekana, ripoti bado zinapokelewa, wachambuzi bado wanaandika barua, malalamiko bado yanapewa namba na mlalamikiwa anaarifiwa. Ila uchunguzi mpya hauidhinishwi, faini haipitishwi, na mgombea anayeomba ushauri rasmi hapati.

ATHUMANI: Kwa hiyo mwenye ushahidi asingoje akidi irudi ndipo aandike. Ule ukomo wa miaka 5 hausimami kwa sababu viti viko wazi. Aipeleke barua sasa, atunze nakala yenye tarehe ya kupokelewa, na aiambatanishe kurasa za ripoti anazozilalamikia kama zilivyokuwa siku hiyo, kwa sababu kamati zinaruhusiwa kuwasilisha ripoti za marekebisho na takwimu zikabadilika.

NEEMA: Ripoti ya awali haifutwi, lakini ni lazima mtu ajue kuitafuta. Kwenye ukurasa wa kamati fungua orodha ya hati zote, uzipange kwa tarehe, uiweke ya awali kando ya marekebisho. Wiki ijayo tunazungumzia uratibu kati ya mgombea na zile kamati zisizo na kikomo cha michango, yaani supa PAC. Kwaherini.

ATHUMANI: Kwaherini, tukutane wiki ijayo.